Nani Alizima Taa? Kisa cha Kabati Lililochorwa Kwenye Njia Panda

Alasiri moja ya msimu wa joto, taa za kuongozea magari kwenye njia panda yenye shughuli nyingi ziliacha mpangilio wake na kuanza kumwekamweka. Hakuna aliyeumia. Foleni ilirefuka, askari wa usalama barabarani akasimama katikati kuongoza magari kwa mikono, na fundi wa zamu akafika na funguo zake. Alipofungua kabati la alumini lililo pembeni mwa barabara, hewa iliyotoka ndani ilimrudisha nyuma hatua moja. Kwa nje kabati hilo lilikuwa limechorwa pande zote nne na wakazi wa mtaa: anga la usiku, bluu nzito inayokaribia weusi, na kundi la ndege wakiruka kuelekea mlangoni. Katika ripoti yake fundi aliandika kwamba rangi ndiyo iliyosababisha joto, akapendekeza ikwanguliwe yote na alumini irudi ilivyokuwa.

Ripoti hiyo ilikuwa ya mistari michache tu, lakini ilitosha kuwasha moto. Wakazi waliona wanaonewa. Idara ya taa iliona mitambo yake imechezewa. Pande zote mbili ziliniomba nisome faili, nilitazame kabati na niseme kilichotokea. Majina ya mtaa, ya idara na ya wahusika nimeyaacha, kwa kuwa kisa kama hiki kinaweza kutokea popote penye kabati la namna hii na watu wenye brashi mkononi. Naamini mradi huu uliharibikia mahali pamoja tu. Ulimsahau mtu anayefungua mlango wa kabati, na mambo mengine yote yalifuata hapo.

Kuchora makabati ya mitaani si jambo geni. Jiji la Brisbane, Australia, limekuwa likiwapa wakazi makabati ya taa za barabarani wayachore tangu 1999, na mamia yake yamechorwa na watu wa kujitolea. Boston ilianzisha mpango wake, PaintBox, mwaka 2008. Dublin nayo ina Dublin Canvas. Sababu zinazotolewa hufanana: bati tupu la kijivu huvutia matangazo na maandishi ya kupuliza, yakisafishwa hurudi, na gharama ya kusafisha haina mwisho. Mchoro wa mtu wa mtaani huachwa salama mara nyingi zaidi kuliko bati tupu. Kuna na sababu nyingine ambayo haiandikwi sana kwenye maombi ya fedha, nayo ni kwamba watu wazima na watoto wanaokaa siku kadhaa kando ya barabara na ndoo za rangi hujuana.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa hapa. Kabati hili lilikuwa na matabaka ya matangazo yaliyobandikwa juu ya matangazo, na gundi iliyokauka ikawa ngumu. Kamati ya wakazi, ikiongozwa na mwalimu wa sanaa aliyestaafu, iliomba ruhusa, ikakusanya vijana, ikaitisha mikutano miwili ya kuchagua mchoro, ikakwangua gundi yote kwa mkono. Nilipoitazama kazi yao kwa karibu niliona watu waliojua wanachofanya. Alumini ilisuguliwa kwa msasa laini, ikaoshwa mafuta, ikapakwa praima ya kushika kwenye chuma, kisha rangi ya akriliki ya nje, na mwisho vanishi ya kuzuia grafiti, yaani yale maandishi ya kupuliza. Bawaba, tundu la ufunguo, namba ya kabati na alama ya hatari ya umeme viliachwa bila kuguswa. Walikuwa pia wameepuka miviringo ya nyekundu, njano na kijani, na rangi zinazong'aa usiku, ili dereva asije akadanganywa na kitu kinachofanana na taa. Hayo yote yalikuwa kwenye mpango wao wa kazi kabla ya mtu yeyote kuwauliza.

Ruhusa ndiyo iliyokuwa na kasoro. Barua waliyopewa ilitoka ofisi ya utamaduni, na iliruhusu michoro kwenye "samani za mtaa". Ofisi hiyo inahusika na mabenchi, mapipa ya taka na vyungu vya maua. Kabati la taa ni mali ya idara ya taa, iliyo jengo jingine, na yenye bajeti na wakubwa wake. Nakala ya barua ilipelekwa huko, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, ikawekwa kwenye faili. Hakuna aliyeijibu. Wakazi wakachukulia kimya kuwa ridhaa. Idara ikachukulia kwamba samani za mtaa haziihusu. Nimeiona barua hiyo na muhuri wake, na sioni uovu wa mtu yeyote ndani yake. Naona karatasi iliyofika kwa karani na haikumfikia fundi.

Ili kuelewa kwa nini hilo lilikuwa na uzito, inabidi tuingie ndani ya kabati. Watu wengi hudhani ni boksi la nyaya. Ukweli ni kwamba ndani mna kompyuta inayopanga zamu za taa, swichi za kielektroniki zinazopeleka umeme kwenye kila taa, na kifaa cha ulinzi ambacho kazi yake ni moja: kuhakikisha kwamba njia mbili zinazokatana hazipewi kijani kwa wakati mmoja. Kifaa hicho kikiona mgongano, au kikiona umeme wa ndani umeyumba, hakisubiri. Huziondoa taa kwenye mpangilio na kuziweka katika hali ya kumweka, na zikae hivyo mpaka fundi aje. Kwa hiyo taa zilizomweka alasiri ile zilikuwa zikifanya kile zilichoundwa kufanya. Mfumo ulijilinda, na ukawalinda wapita njia.

Vifaa hivi hutoa joto saa zote, na jua huongeza lake. Vimetengenezwa kustahimili. Kiwango cha Marekani kinachotumika sana, NEMA TS 2, kinataka vifaa vya ndani ya kabati vifanye kazi kwenye hewa ya kuanzia nyuzi 34 chini ya sifuri hadi nyuzi 74 za Selsiasi. Lakini kustahimili huko kunategemea hewa kupita. Sehemu ya chini ya mlango ina matundu yaliyokatwa kama mapezi, nyuma yake kuna chujio la kuzuia vumbi, na juu kabisa, chini ya paa, kuna feni inayowashwa na kipimajoto. Hewa ya nje huingia chini, hupita kwenye chujio, hupanda katikati ya vifaa na kutolewa juu. Ukiziba chini, feni ya juu inazunguka bure.

Siku ya ukaguzi tulikuwa watatu mbele ya mlango ule: mimi, fundi aliyeandika ripoti, na mwalimu wa sanaa. Fundi alifungua, akalegeza chujio, akalivuta. Upande wa nje lilikuwa na tabaka la unga wa bluu uliokauka. Ulikuwa ukungu wa rangi ya kupuliza iliyotumika kutengeneza mawingu, ule unaokauka hewani kabla haujagusa bati na kuvutwa ndani na feni. Chini ya ule wa bluu kulikuwa na tabaka jingine, la kijivu, nene zaidi. Fundi alilikwaruza kwa ukucha, likang'oka vipande. Hilo lilikuwa vumbi la barabarani la muda mrefu, na lilikuwepo kabla mtu hajafungua kopo la rangi.

Kisha akainama, akaupitisha mkono kwenye mapezi ya chini ya mlango. Karibu nusu yake yalikuwa yamefunikwa na tepu ya karatasi, ile ya kuzuia rangi isiingie, na juu ya tepu kulikuwa na bluu ileile ya anga, imepakwa vizuri hadi ukingoni. Kwa macho ya mpita njia usingeiona kamwe.

"Dada, hii tepu mliisahau," fundi alisema.

"Hatukuisahau, kaka," mwalimu akajibu. "Waliobandika walikuwa kundi la Jumamosi. Waliopaka walikuja Jumapili, wakadhani ndivyo mlango ulivyo."

Majibizano hayo yalinifundisha zaidi kuliko faili nzima. Waliobandika tepu walifanya jambo sahihi kabisa, kwani walikuwa wakiyalinda matundu. Waliokuja kesho yake hawakuambiwa kwamba chini ya karatasi kuna matundu, na mwenye kujua kazi ya matundu hayo, yaani fundi, hakuwepo Jumamosi wala Jumapili. Kama angepita kwa dakika chache mwisho wa kazi, tepu ingetoka siku ileile.

Baada ya hapo tulikuwa na mambo matatu mezani: chujio lililojaa vumbi la zamani, ukungu wa rangi na tepu vilivyomalizia kuziba, na rangi nzito iliyomeza jua. Swali lilikuwa kila kimoja kilichangia kiasi gani, na hapa ndipo nilipotofautiana na ripoti.

Ni kweli kwamba rangi nzito humeza joto la jua. Nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga unaoifikia, na bluu inayokaribia weusi huubakiza karibu wote. Lakini pendekezo la kukwangua lilidhani kwamba alumini tupu ni baridi. Alumini tupu hurudisha mwanga mwingi, lakini ina tabia ya kushikilia joto lililokwisha kuingia, kwa kuwa uso wa chuma kisichopakwa hutoa mionzi ya joto kwa shida. Ndiyo maana bati tupu lililoachwa juani humwunguza mtu mkono, na likipakwa rangi nyeupe hupoa. Kabati lenye rangi ya mwanga linaweza kuwa na afadhali kuliko lile lisilopakwa chochote. Kuna jambo jingine pia. Kukwangua rangi kwenye mapezi ya mlango kungezalisha vumbi la alumini na rangi sentimita chache kutoka kwenye vifaa vya umeme, na vumbi la chuma linapitisha umeme. Dawa hiyo ingeweza kuleta ugonjwa mbaya zaidi.

Tulikubaliana kupima. Njia panda ya jirani ilikuwa na kabati la aina ileile, lisilochorwa, linalopigwa na jua kwa saa zilezile. Chujio jipya liliwekwa kwenye yote mawili, tepu ikatolewa, na kipimajoto kikatundikwa ndani ya kila moja wakati wa saa za jua kali. Bati la upande wa magharibi la kabati lililochorwa lilikuwa la moto zaidi ukiligusa, bila shaka yoyote. Ndani, tofauti kati ya makabati mawili ilikuwa ndogo, na yote yalikaa mbali na kikomo. Kisha paa la kabati lililochorwa, ambalo nalo lilikuwa bluu, likapakwa nyeupe. Baada ya hapo hapakuwa na tofauti ya kuizungumzia. Paa ndilo linalopokea jua la mchana moja kwa moja, na hakuna mpita njia anayelitazama. Kulipaka rangi nzito hakukuwa na faida kwa mtu yeyote, na kulibadilisha hakukugusa hata ndege mmoja.

Kwa hiyo hitimisho langu lilikuwa hili: taa zilizimwa na hewa iliyokosa njia. Sehemu ya kizuizi ilikuwa ya wachoraji, sehemu ilikuwa ya matengenezo ambayo hayakufanywa, na rangi nzito iliongeza mzigo juu ya mfumo ambao tayari ulikuwa hoi. Fundi alikuwa sahihi kwamba mradi ulihusika. Hakuwa sahihi kwamba kuufuta kungetibu. Nilimwambia hivyo, na kwa heshima yake niseme kwamba yeye ndiye aliyeng'oa lile vumbi la kijivu mbele yetu bila kuombwa, akijua linaiangukia idara yake.

Hapo mgogoro wa kiufundi ukaisha, ukabaki wa haki. Katikati ya mabishano, baadhi ya vijana walikuwa wameanza kusema kwamba mchoro ni mali yao na hakuna mwenye ruhusa ya kuugusa. Idara ikajibu kwamba kabati ni lake na inaweza kulipaka rangi yoyote muda wowote. Kila upande ulikuwa na nusu ya ukweli.

Mkataba wa Berne wa hakimiliki, katika kifungu cha 6bis kilichoongezwa Rome mwaka 1928, unampa msanii haki mbili ambazo haziondoki hata akiuza kazi: kutambulika kuwa ndiye aliyeifanya, na kupinga kuharibiwa au kupotoshwa kwake kunakoumiza heshima yake. Kila nchi imeutafsiri kwa namna yake, na kuhusu kuifuta kazi nzima sheria hutofautiana sana. Mfano unaokumbukwa ni wa New York. Majengo ya 5Pointz huko Queens yalikuwa yamechorwa kwa miaka mingi kwa ridhaa ya mwenye nyumba. Novemba 2013, usiku, mwenye nyumba akayapaka rangi nyeupe bila kuwapa wasanii taarifa waliyostahili. Wasanii 21 walishtaki wakitumia sheria ya Marekani ya 1990 inayolinda kazi za sanaa za kuonekana, na Februari 2018 jaji akawapa dola milioni 6.75, yaani dola 150,000 kwa kila moja ya kazi 45. Mahakama ya rufaa ilikubaliana naye mwaka 2020.

Niliwaeleza wote kisa hicho kwa tahadhari, kwa sababu kabati la taa si jengo na sheria ya Marekani haisafiri. Lakini lililomgharimu mwenye nyumba yule lilikuwa haraka yake. Majengo yangebomolewa hata hivyo. Kama angetoa taarifa na kusubiri, wasanii wangepata nafasi ya kupiga picha kazi zao na kuokoa zile zinazoondosheka. Na sheria hiyohiyo inamruhusu msanii kuachilia haki hizo kwa maandishi aliyoyatia saini, maana yake jambo zima lingeweza kumalizwa mezani kabla ya kopo la kwanza la rangi.

Makabati ya mitaani hufa mapema kuliko majengo. Gari hupanda ukingo na kuyagonga. Vifaa hupitwa na wakati na kabati zima hubadilishwa. Idara inayoahidi kwamba mchoro utadumu inaahidi kisicho mikononi mwake. Ndiyo maana katika makubaliano mapya nilisisitiza sana sehemu inayohusu mwisho wa mchoro, na sehemu nyingine niliziacha ziandikwe kwa kifupi. Idara inaweza kulifungua, kulitengeneza na kulibadilisha kabati bila kuomba ruhusa. Ikiwa ni dharura, inafanya kazi kwanza na kuwajulisha wakazi baadaye. Ikiwa ni mabadiliko yaliyopangwa, inawajulisha mapema, wanapiga picha, na mlango uliochorwa wanapewa ukishatolewa, kwa kuwa ukifika karakana utakuwa chuma chakavu tu. Mwalimu ndiye aliyeomba kipengele hicho cha mlango. Mwanzoni idara ilisita, kisha mhandisi mmoja akauliza mlango huo huenda wapi kwa kawaida, na hakuna aliyekuwa na jibu la kuupinga.

Upande wa kazi, makubaliano yanataka fundi awepo mara mbili: kabla ya kuanza, atie alama kwa chaki kila sehemu isiyopakwa, na baada ya kumaliza, afungue mlango, atoe tepu zote kwa mkono wake, abadilishe chujio, atie saini. Feni inazimwa na matundu yanafunikwa wakati wa kupuliza rangi, jambo ambalo mwenye ufunguo pekee ndiye anayeweza kulifanya. Paa linabaki jeupe. Pande zinazopigwa na jua la alasiri hupewa rangi za mwanga pale mchoro unaporuhusu.

Idara ilipendekeza kwamba kuanzia sasa makabati yafunikwe kwa stika zilizochapishwa badala ya kupakwa rangi. Hoja yao ni nzito na sitaki kuipuuza. Stika hukatwa karakanani kwa vipimo kamili, huacha mapezi wazi, hubandikwa kwa saa chache, na ikiharibika huchapishwa nyingine kutoka kwenye faili ileile. Palipo na magari ya kasi na ukingo mwembamba wa barabara, ningechagua stika bila kusita, kwa usalama wa watu. Lakini kwa njia panda hii nilipinga. Stika huja na mbandikaji mmoja na kuondoka naye. Kilichofanya kabati hili lisiguswe na wabandika matangazo tangu lichorwe ni kwamba watu wengi wa mtaa wanamjua aliyepaka bawa la ndege fulani, na pengine ni mtoto wao. Ukiondoa siku zile za brashi kando ya barabara unabaki na picha nzuri, na picha nzuri pekee haina mtu wa kuilinda.

Limebaki jambo moja ambalo halijapatiwa ufumbuzi. Vanishi ya kuzuia grafiti iliyotumika ni ile ya nta: mtu akiandika juu yake, huoshwa kwa maji ya moto, nta inatoka pamoja na maandishi, kisha inabidi kupakwa upya. Ni nafuu kuliko vanishi ya kudumu ya poliyurethani, lakini inahitaji mtu wa kurudi kila inapooshwa. Kamati inasema haina mfuko wa hilo, na idara inasema kazi ya sanaa haimo kwenye bajeti yake. Kwa maoni yangu hili linaiangukia idara. Kwa miaka mingi imekuwa ikilipa watu kubandua matangazo kwenye kabati hili, na tangu lichorwe haijalipa hata mara moja. Fungu lilelile linatosha kununua nta, na wakazi wameshasema kwamba kazi ya kuipaka wataifanya wao, mradi fundi awepo na ufunguo.